Chumvi ya Mwaka wa Ishirini

Madamu alipanda boda kwa upande, miguu yote miwili kushoto, sari ameikusanya magotini, kichwani helmeti yake mwenyewe ya rangi ya chungwa, na mkononi ile rula ya mbao ya mita moja ya darasani, ameishika kama mkuki. Dereva akikimbia sana alimgusa bega kwa rula. Mguso mmoja maana yake punguza. Miguso miwili maana yake simama, nashuka. Madereva wa stendi ya Kamwokya walimgombania, kwa sababu abiria wengine hupiga mayowe na yeye hakupiga.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimwigiza. Kila darasa lina mtu wake wa kazi hiyo, na kwetu nilikuwa mimi. Akitoka tu mlangoni, ufagio unakuwa rula, sweta naifunga kiunoni inakuwa sari, naanza kutembea mbele ya ubao nikichechemea na kunusa hewa kama mtu anayetafuta kosa. Wenzangu walilala juu ya madawati kwa kicheko. Siku moja nikageuka, nikamkuta amesimama mlangoni. Alikuwa amesahau chaki. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Mguu wa kushoto ndio mbovu," akasema. "Wewe unachechemea wa kulia."

Akachukua chaki yake akaenda.

Nina jambo nililomfanyia, na nalizunguka kama paka anavyozunguka sufuria ya moto. Nitalifikia. Lakini nikianza nalo mtamwona kama mtu wa kuonewa tu, na Madamu hakuwa mtu wa kuonewa. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyeweza kunyamazisha kidato cha tatu kizima, Sinia ya Tatu tunavyoita sisi, kwa kuvua miwani. Alikozaliwa sikujui, wala ukoo wake, na sikuwahi kuuliza. Niliuliza mengine, mengi kuliko adabu inavyoruhusu.

Darasani alisema Kiingereza, maana ndiyo sheria ya shule. Nje ya darasa alinisemesha Kiswahili. Alijua mimi ni Mnubi, babu yangu alikuwa askari, na nyumba ya askari Kampala haikosi Kiswahili. Chake kilikuwa Kiswahili cha duka la mumewe la makufuli na bawaba kule Kikuubo, lugha ya amri tupu: leta, weka, ondoa, hesabu tena. Hata kukusifu alikusifu kwa amri. Nilipopata alama themanini mara ya kwanza na ya mwisho, aliniita mezani kwake akasema, "Endelea kuwa hivi." Mimi aliniita Kelele. Jina langu la kweli alilitumia siku ya kuita mahudhurio tu, tena kwa shaka, kama mtu anayesoma noti ya bandia.

Alikuwa na neno lake: "Jibu bila njia ni mali ya wizi." Ukiandika jibu sahihi usionyeshe ulikopita, sifuri. Ukionyesha njia yote ukakosea mwishoni, unapata karibu alama zote, na chini anaandika kwa wino wa kijani: *Umepotea vizuri.* Mvulana mmoja alimletea baba yake kulalamika juu ya sifuri ya namna hiyo. Madamu akamwuliza yule baba, "Mtoto akija na baiskeli mpya nyumbani, wewe unauliza nini kwanza?" Baba akaondoka na mtoto akiwa amemshika sikio.

Jumamosi alitufundisha wanne nyumbani kwake, ghorofa ya pili, bila malipo, kwenye meza ya kulia chakula. Tulikuwa wale wa mkiani pamoja na Akello, ambaye hakuwa wa mkiani kabisa. Akello alikaa barabara ya juu kule Naguru, kwenye nyumba za polisi, na alikuja kwa sababu alipenda hesabu, jambo ambalo nilimsamehe kwa shida. Viatu tuliviacha ngazini. Ukutani kulikuwa na miungu yao yenye maua mapya kila asubuhi, na picha za watoto wawili walioko mbali.

Kulikuwa pia na Mzee, mume wake. Mwanaume mnene, mcheshi, mwenye fulana nyeupe na simu isiyonyamaza. Kuhusu Mzee nina kisa kimoja kinachonichekesha mpaka leo, na sijui kama nina haki ya kucheka tena, lakini nakitoa. Madamu hakutamka jina la mumewe. Kabisa. Kwao, aliniambia, mke aliyelelewa kizamani hatamki. Akamwita "yeye," au "huyu," au "mwenye nyumba." Basi sisi tukafanya mchezo wa kumnasa. Nilimwuliza, "Madamu, Mzee akipotea sokoni utamwitaje?" Akasema, "Nasimama. Yeye ataona amepotea." Nikamwuliza, "Hospitali wakikuuliza jina la mgonjwa?" Akatoa kalamu kwenye nywele, akaandika hewani.

Ni mwanamke huyohuyo aliyetupigia meza wasichana akatuambia tusiache hesabu kwa ajili ya mwanaume yeyote, hata akija na gari. Ndani ya kitabu chake cha majedwali ya logi mlikuwa na barua ya chuo, imechakaa kwenye mikunjo, ya kumwita akasome digrii ya pili. Aliitumia kama alama ya ukurasa. Nikaichomoa nikaisoma, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Hukwenda?"

"Mama wa yeye aliumwa mwaka ule."

"Yeye hakuweza kumwuguza mama yake?"

"Yeye alikuwa na duka," akasema, akairudisha barua ukurasa uleule. "Namba nne, Kelele."

Sasa nadhiri. Kila mwaka, mwezi wa saba, siku tano, Madamu hakula chumvi. Alikula mara moja kwa siku, na usiku wa mwisho hakulala. Ni nadhiri ya wanawake, ya mungu wao wa kike Parvati. Wasichana huishika ili wapate mume mwema, walioolewa huishika ili yule waliyempata aishi. Na ukiianza huachi katikati. Unaahidi miaka mitano, au saba, au tisa, au kumi na mmoja, au ishirini. Madamu aliahidi ishirini.

"Kwa nini ishirini?"

"Nilikuwa kijana. Nilipenda namba kubwa."

Siku hizo dirishani kwake palikuwa na chungu kidogo chenye ngano iliyochipua, nyembamba, ya kijani kibichi, ameivisha uzi wa pamba wenye madoa mekundu. Kila asubuhi aliinyunyizia maji akaiombea. Mfungo ukiisha aliipeleka ziwani Ggaba akaiachia maji. Nikamwuliza, "Madamu, shamba hili litatoa magunia mangapi?" Akasema, "Linatosha mtu mmoja," akaelekeza kidevu chumbani, ambako Mzee alikuwa akipiga miayo kama simba wa hifadhini.

Alisema Uganda ni nchi nzuri kwa mfungo huo, kwa sababu matoke ya huku yanapikwa bila chumvi na chumvi yote iko kwenye mchuzi. Kwa hiyo alipika matoke yake kwenye jani la mgomba, akatengeneza mchuzi wa karanga usio na chumvi, akala. "Miungu yetu haikujua matoke," alisema. "Ingejua, ingekataza." Mzee naye alikaa mbele yake na sahani ya sambusa, akatafuna kwa sauti kusudi. "Yeye ananifungia, mimi nanenepa," akatuambia. "Biashara nzuri." Madamu akamwongezea achari bila kumtazama.

Alitusimulia hadithi ya nadhiri hiyo. Mume aliumwa na nyoka porini, akafa. Mke akalia, akamwomba Parvati, mungu akaja, mume akaamka kama mtu aliyesinzia.

"Na kama nyoka angemwuma mke?" nikauliza.

Wenzangu wakaguna. Madamu akavua miwani, nikajua nimekwisha.

"Hadithi haina ukurasa huo," akasema. "Nilimwuliza mama yangu swali hilo. Alinipa kofi. Wewe nakupa namba tano mpaka kumi na mbili."

"Lakini Madamu, wewe mwenyewe unaamini? Wewe wa kuonyesha njia?"

Alifikiri. Hilo nalo lilikuwa lake, hakuogopa kufikiri mbele ya watoto. "Mungu hana duka Kikuubo," akasema. "Sipatani naye bei. Lakini nilisema nitafanya. Mtu akisema atafanya, anafanya. Nimeacha chumvi siku tano. Hesabu sijaacha hata siku moja."

Mwaka jana ulikuwa wa ishirini. Alitutajia tangu mwezi wa tano, na Madamu hakuwa mtu wa kutaja mambo yake. Ukitimiza, alisema, unafanya karamu ya kufunga nadhiri, unalisha wanawake na wasichana nyumbani kwako, na umemaliza. Uko huru. Orodha aliiandika kwa wino wa kijani akaibandika kwenye friji. Akello alikuwemo. Mimi nilikuwemo, jina langu la kweli, limeandikwa bila makosa. "Mwaka kesho mwezi wa saba," alisema, "nitakula pilipili na chumvi mpaka nilie."

Nimefika kwenye sufuria.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya nne ya ule mfungo wa mwisho. Jikoni palikuwa na sufuria mbili, dengu za Mzee zenye chumvi, na mchuzi wa karanga wa Madamu usio nayo. Akaniita. "Kelele, koroga hii karanga isishike chini. Naangalia namba saba ya Akello." Akarudi mezani, akaupa mlango wa jikoni mgongo. Kopo la chumvi lilikuwa karibu na kiwiko changu.

Sikupanga. Natamani ningekuwa nimepanga, angalau ingekuwa kazi ya akili. Nilichota kijiko cha chai, Akello akainua macho kutoka mezani akaniona, nikamkonyeza, nikamwaga, nikakoroga.

Na kichwani nilikuwa na sheria, hilo ndilo linalonitia haya zaidi ya kijiko. Kwetu, bibi, tunamwita Haboba, alitufundisha tangu wadogo kwamba ukila mchana wa Ramadhani kwa kusahau, saumu yako haikuharibika. Ni Mwenyezi Mungu amekulisha. Kwa hiyo nikajiambia: Madamu akila bila kujua, nadhiri iko palepale, hakuna aliyepoteza kitu, na sisi tumepata kisa cha kucheka muhula mzima. Nilichukua sheria ya Ramadhani nikaihukumia nyumba ya Kihindu. Tena Haboba alisema kusahau. Hakusema kusahaulishwa na mtoto wa watu mwenye kijiko.

Jambo jingine ambalo fundi wa mizaha hakulikumbuka ni kwamba chumvi ina ladha.

Madamu alitia tonge la kwanza mdomoni akaacha kutafuna. Tulikuwa sisi wanafunzi wanne mezani, pamoja na Mzee. Kutema mbele ya watoto hakuweza. Nilimwona koo likipanda na kushuka. Akaweka kijiko chini taratibu, akafunika sahani kwa sahani nyingine, akaenda jikoni. Tulisikia mifuniko. Alionja sufuria zote mbili. Aliporudi uso wake ulikuwa kama ubao uliofutwa.

"Mkono wangu umezeeka," akasema. "Nimetia chumvi huku na huku."

Mzee akapasuka kicheko. Hakuwa na ubaya, hakujua. "Miaka ishirini! Umefika mlangoni umeanguka! Haya, umeshafungua, kula sambusa."

Wenzangu wakacheka kwa sababu Mzee amecheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Akello alitazama namba yake ya saba.

"Kwa hiyo?" Mzee akauliza.

"Kwa hiyo haikutimia," Madamu akasema. "Endeleeni, namba nane."

Nilikusudia kumwambia Jumatatu. Jumatatu alikuja na helmeti yake na rula yake, akafundisha duara kama kawaida, na orodha ya karamu sikuisikia tena ikitajwa. Jumatatu ikawa Jumanne. Alhamisi, mwalimu wa zamu alipochelewa, darasa likaniomba onyesho jipya. Nikawapa. Nilimwigiza Madamu akionja chumvi, macho yanatoka, koo linapanda na kushuka. Ilikuwa kazi yangu bora kabisa. Walipiga madawati. Nilipotazama kwa Akello alikuwa amefunika uso kwa kitabu, na si kwa kucheka.

Mwezi wa tisa, Mzee alianguka dukani. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, pamoja na mdomo. Madamu akachukua likizo shuleni, akaletwa mwalimu mwingine, kijana, anayetoa alama kwa jibu lolote. Tulikwenda kumwona, mimi na Akello, tumebeba mkate na sukari kama watu wazima. Madamu alitukaribisha chai. Akasema, taratibu kabisa, kama anayetuelezea kanuni:

"Miaka kumi na tisa mkono wangu ulikuwa sawa. Wa ishirini ukakosea. Wiki saba, yeye akaanguka. Hesabu hiyo hamuioni?"

Akello alinitazama. Aliendelea kunitazama. Mimi, mdomo wangu ambao haujawahi kukosa neno, ukafunguka ukatoa: "Bambi, Madamu." Pole yetu ya Kampala, ya mtu aliyeibiwa simu. Ndiyo niliyompa.

Siku hiyo akatuambia ameahidi upya. Hatakula chumvi, si siku tano, mpaka yeye atembee.

Nilijiambia atachoka. Watu huchoka. Mwezi wa kumi na mbili hakuchoka. Mwezi wa pili mwaka huu shule ilipofunguliwa, Akello alinisubiri getini.

"Madamu ameanguka ngazini. Daktari anasema mwili umekosa chumvi. Anasema akiendelea atalala kitanda cha pili. Na chumvi bado hataki."

"Labda ni presha."

"Wewe," Akello akasema, "unajua ni nini. Nimenyamaza kwa sababu ni wewe wa kusema. Jumapili ikipita hujasema, nasema mimi. Na mimi sitasema kwa kuchekesha."

Nilianza na Haboba, kwa uoga, nikitegemea atanipa njia ya mkato. Alikuwa akichambua mchele. Nilimweleza yote, mpaka sheria ya Ramadhani. Hakuacha kuchambua.

"Kwa hiyo ulinitumia mimi," akasema. "Maneno yangu ndiyo uliyotilia chumvi chakula cha watu."

"Haboba, mimi nilidhani..."

"Mzigo wako uko kichwani kwa mwenzio tangu mwaka jana. Kauchukue. Hata ukikuvunja shingo, ni wako."

Jumapili mchana nikapanda zile ngazi. Madamu alifungua mwenyewe. Bangili zilizokuwa zikimbana sasa ziliteleza mpaka kiwikoni kila alipoinua mkono, na alishika ukuta akitembea, kwa namna ambayo nisingeweza kuiigiza hata kama ningetaka.

"Kelele. Umeleta swali?"

"Nimeleta jibu, Madamu." Hata hapo nilitania. Mdomo huu una ugonjwa.

Akanipeleka jikoni, alikuwa na sufuria ya Mzee motoni. Nikasema nimesimama, nikitazama vidole vyangu vya miguu.

"Ile chumvi ni mimi. Mwaka jana. Mkono wako haukukosea. Ni mimi niliyetia."

Akapunguza moto wa gesi.

"Kijiko gani?"

"Cha chai."

"Kimejaa?"

"Kimejaa."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Kwa Akello. Namba saba."

Aliitikia kwa kichwa kila jibu, kama anayesahihisha. "Kwa nini?"

"Nilitaka tucheke. Nilidhani ukila bila kujua haihesabiki. Kwetu haihesabiki."

"Kwenu," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa rula. Kusema kweli nilikuwa nikiitamani. Au alie, nami nilie, halafu apumue, kwa kuwa nimemletea kitu kizuri mwishoni: hakukosea, anaweza kula. Njia nzima kutoka nyumbani nilikuwa nikijiona kama mtu anayepeleka dawa.

Madamu alivuta kigoda akakaa.

"Miezi mitano nimejua sababu," akasema. "Mbaya, lakini ninayo. Mkono wangu ulikosea, kwa hiyo nalipa. Kila siku nalipa, nasema, bado kidogo. Sasa wewe unasema mkono haukukosea. Basi mimi nilifanya sawa. Miaka ishirini nilifanya sawa, na yeye akaanguka hivyo hivyo." Akaniangalia, bila hasira, kama anayeuliza mtu anayeweza kujua. "Mimi nafanya nini na hiyo, Kelele?"

Nilitafuta kila mahali kichwani, na mle ndani mlikuwa na mizaha tu.

"Labda, Madamu, labda haikuwa..."

"Usiseme labda."

Chumbani kukasikika kugonga, kijiko juu ya ubao wa kitanda, mara mbili. Madamu akainuka, akapakua dengu kwenye bakuli, dengu laini zenye chumvi kidogo ile aliyoruhusiwa na daktari. Nikalipokea, naye akaniacha nilibebe.

Mzee alikuwa ameegemea mito mitatu. Alikuwa amekonda mpaka fulana ilionekana ya mtu mwingine. Jicho moja liliniangalia mimi, halafu likamwangalia mkewe, na nikajua amesikia. Mlango ulikuwa wazi na jikoni ni hatua nne.

Madamu akakaa kitandani, akachota, akapeleka kijiko. Mzee akafunga mdomo.

"Tangu juzi ananifanyia hivi," Madamu akasema, akijisemea. "Kula."

Akafunga zaidi, upande ule mzima ukikaza kusaidia upande uliolala. Akainua mkono wa kushoto, ulio hai, akakisukuma kijiko taratibu mpaka kikamwelekea mkewe. Dengu zikamwagika kidogo kwenye shuka. Akakishikilia hapo.

Akamwambia kitu kwa Kigujarati, maneno mawili, yaliyopinda na kutokwa mate. Sikuelewa. Madamu akajibu kwa ukali. Mzee akarudia yaleyale mawili. Mkono hakuushusha.

"Anasema, wewe kwanza," Madamu akaniambia, bila mimi kuuliza, macho kwenye kijiko. "Siku tatu anasema hivyo. Mtu ambaye hajawahi kunipisha hata mlangoni."

Alikaa na kijiko mbele ya uso wake. Nilimwona akihesabu, ndiyo, midomo yake hutikisika akihesabu. Sijui alihesabu nini. Halafu akafungua mdomo akala. Alifumba macho. Koo likapanda na kushuka, polepole sana, na machozi yakamtoka bila sauti. Aliposhusha kijiko, Mzee alikuwa ameshafungua kinywa chake kilichopinda, anasubiri. Akamlisha. Akachota tena, mkono wa Mzee ukainuka tena, Madamu akala. Kimoja chake, kimoja cha mumewe.

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli. Hakuna aliyeniambia niliweke.

Lilipobaki tonge la mwisho, Madamu akasema bila kugeuka, "Jumamosi hii usije. Sitaki kuona uso wako. Jumamosi ya pili uje na wenzako. Huyo kijana wa shule amewaharibu."

"Ndiyo, Madamu. Madamu, umenisamehe?"

"Hapana," akasema, akachukua bakuli mikononi mwangu. "Funga mlango, upepo unampata."

Jumamosi ya pili tulikwenda. Alitufungulia akatuonyesha viti. Tumeenda kila Jumamosi tangu hapo. Hajasema kitu juu ya kunisamehe, na mimi siulizi tena.